Amplifaya ya Akina Mama wa Karurumo

Amplifaya ya kanisa letu la Karurumo iliungua Jumapili ya akina mama, katikati ya wimbo, na kabla moshi haujaisha kutoka kwenye matundu yake mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshaamua nani wa kulaumiwa. Alisimama mbele na kusema, kwa sauti ya mdomo mtupu, kwamba akina mama walikuwa wamepiga kelele kupita uwezo wa mashine. Watu kadhaa wakacheka. Mama yangu, ambaye ndiye kiongozi wa kikundi cha akina mama na ndiye aliyekuwa ameshika maiki, aliiweka juu ya meza taratibu, kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake.

Mimi nilikuwa benchi la tatu. Nafanya kazi ya maabara katika shule moja ya upili mjini Embu. Napanga vifaa vya fizikia na kemia kabla walimu hawajaingia, na wakitoka naviosha na kuvirudisha kabatini. Sijawahi kusimama mbele ya darasa, lakini waya na mita nimezishika kwa zaidi ya miaka kumi. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona mwanakamati wa mitambo akiongeza spika mbili nje, kwa ajili ya watu waliokosa viti, akizifunga kwenye waya zilezile za spika mbili za ndani. Nyuma ya mashine paliandikwa wazi kwamba isipewe mzigo wa chini ya omu nne. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme usipite kwa wingi. Spika mbili za omu nane zikifungwa pamoja kwa njia ile, sambamba, zinakuwa mzigo wa omu nne. Ukiongeza mbili nyingine, mzigo unashuka hadi omu mbili, na mashine inalazimika kutoa umeme mwingi kuliko inavyoweza. Ingekufa hata kama wangeiimbia wanaume.

Nilisimama nikayasema hayo. Nilikuwa nimefika kwenye neno "sambamba" mwenyekiti aliponikatiza.

"Mwalimu, hayo ni ya shuleni," alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira. "Hapa ni kanisani. Keti."

Niliketi. Nina umri wa watu wazima, nalipa kodi ya nyumba yangu mtaa wa Majimbo mjini Embu, na niliketi kama nimeitwa na mwalimu wa zamu.

Baada ya miezi michache kamati ilinunua mashine mpya, na pamoja nayo ikaja sheria mpya. Kwaya ya wanaume ingeimba kwa maiki. Akina mama wangeimba bila maiki, ili mashine isiharibike tena. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, ila kila Jumapili mtu wa mitambo alikuwa akizima swichi wanawake wakisimama. Wengi wao ni wakulima wa kahawa na mahindi, wanawake waliozoea kuitana kutoka mteremko mmoja hadi mwingine, na sauti wanazo. Lakini watu wa nje hawakuwasikia, na wa ndani waliuzoea wakati huo kuwa wa kunong'onezana.

Mama hakulalamika. Siku moja tulipokuwa tukichambua maharagwe nyumbani kwake, aliniuliza kwa Kiembu kama yale niliyoyasema siku ile yalikuwa kweli au nilikuwa namtetea tu. Nikamwambia yalikuwa kweli. Akaniuliza kama mtu anaweza kuunda mashine kama ile kwa mikono. Nikasema anaweza.

"Wewe unaweza?"

Nilisema ndiyo kabla sijafikiri. Sijutii, ingawa wakati huo nilikuwa sijaunda kitu kikubwa kuliko redio ya kuonyeshea wanafunzi.

Nilianza na mchoro. Nilipata mpango wa amplifaya rahisi, wa aina ambayo mafundi wengi duniani wameiunda na kuirekebisha mpaka makosa yake yote yanajulikana, nikaunakili kwa penseli kwenye daftari kubwa la maabara. Akina mama walikuwa tayari na spika nne, za omu nane kila moja, walizochangia zamani kwa ajili ya harusi na mazishi. Kwa hiyo sikuchagua mashine kwanza kisha nitafute spika. Nilianza na spika. Nilizigeuza moja baada ya nyingine nikasoma maandishi ya nyuma, nikazipima kwa mita, nikahesabu zingeweza kubeba nguvu kiasi gani bila kuchanika, na ndipo nikajua mashine inayozifaa ni ya ukubwa gani. Haikuhitaji kuwa kubwa. Ilihitaji kuwa sahihi.

Kitu kigumu kupata kilikuwa transfoma, kile chuma kizito chenye nyaya za shaba kinachoushusha umeme wa ukutani. Niliambiwa Kiritiri kuna fundi anayesuka upya mota za pampu za maji, na kwamba anaweza kusuka chochote chenye shaba. Nilimkuta kwenye kibanda chake cha mabati, shavu limejaa muguka, majani ya kutafuna, amezungukwa na mota zilizofunguliwa matumbo. Nilimweleza ninachotaka. Alinisikiliza nusu, kisha akaniambia nimwite mwenye kazi waongee.

"Mwenye kazi ni mimi," nilisema.

"Basi mwambie bwana yako apige simu."

Niliokota kiini cha chuma kilichokuwa chini ya benchi yake, nikakipima upana na unene kwa rula niliyokuja nayo, nikaandika hesabu vumbini kwa kijiti. Kiini kile kingetaka raundi tatu za waya kwa kila volti moja. Upande wa ukutani raundi mia saba na ishirini. Upande wa mashine nilitaka volti thelathini mara mbili, kwa hiyo raundi tisini, natoa waya wa katikati, halafu tisini nyingine. Alisimama juu yangu akatazama. Alitema muguka kando, akafuta tarakimu moja kwa kidole cha mguu, akairudisha ilivyokuwa baada ya kuhesabu mwenyewe kimoyomoyo.

"Njoo Alhamisi," alisema. Hakuniuliza tena habari za bwana.

Nilifanya kazi kwenye meza ya jikoni Majimbo, Jumamosi mchana na jioni baada ya shule, dirisha likiwa wazi ili moshi wa risasi ya kulehemu utoke. Majirani walidhani naanzisha duka la kutengeneza simu. Sanduku lilikuwa kasha la kompyuta kuukuu. Mabamba ya alumini ya kupozea transista, vile vipande vinavyoikuza sauti, niliyakata kwenye fremu ya dirisha iliyotupwa na wajenzi, nikayapiga tupa mpaka yakawa bapa kabisa, kwa sababu transista isipogusana vizuri na bamba lake huiva.

Siku ya kuiwasha mara ya kwanza nilifunga balbu ya kawaida kwenye njia ya umeme kabla ya mashine. Ni njia ya zamani ya kujikinga. Kukiwa na kosa ndani, balbu inawaka kwa nguvu na kubaki hivyo, umeme unaishia hapo bila kuunguza kitu. Kukiwa salama, balbu inamulika mara moja na kufifia. Niliibonyeza swichi nikiwa nimesimama mbali, mkono umenyooka. Balbu ikawaka jikoni kote, nikafunga macho. Nilipoyafungua ilikuwa imefifia, uzi wake ukiwa mwekundu kama kaa linalozimika. Niliketi sakafuni nikacheka peke yangu.

Niliipeleka Karurumo Jumamosi iliyofuata. Akina mama kumi na wawili walijazana sebuleni kwa Mama. Niliunganisha spika moja tu kwa majaribio, Mama akasema neno moja kwenye maiki, na sauti yake ikatoka kubwa, safi, kiasi kwamba kuku waliokuwa mlangoni walitawanyika. Wakaanza kuimba. Niliongeza sauti kidogo. Niliongeza tena.

Kulitokea mlio mfupi, kama tawi kavu likivunjika. Spika ikasukumwa mbele ikabaki hapo imetoa kifua, na kabla sijafikia swichi harufu ya gundi inayoungua ilikuwa imejaa chumba. Transista zilikuwa zimepasuka, na zilipopasuka ziliuachia umeme wote wa ndani uingie kwenye spika. Koili ya spika ikaungua. Ndani ya dakika moja nilikuwa nimeharibu mashine yangu na mali yao pia.

Mwanamke mmoja alianza kufunga leso yake kichwani kama mtu anayejiandaa kuondoka, akasema pengine wazee walikuwa na sababu zao. Maneno hayo yalinichoma kuliko yale ya mwenyekiti, kwa sababu yalitoka upande wetu.

Mama aliniuliza mimi, "Ulikosea wapi?"

Nikasema sijui.

"Basi nenda ukajue. Ukijua, urudi utuambie kwa Kiembu, tuelewe wote."

Nilirudi Majimbo na transista zilizokufa zikiwa kwenye bahasha. Nilikagua kila kiungo na kila hesabu kwa wiki nzima, na sikupata kosa. Hapo ndipo nilipoibana transista moja kwa koleo nikalipasua ganda lake. Ndani, kipande kile chenye kufanya kazi yenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya wimbi. Nje paliandikwa jina na namba ya transista ya nguvu, ndani ilikuwa transista dhaifu iliyovalishwa ganda la kubwa. Nilikuwa nimeuziwa bandia. Nilikasirika, lakini ilikuwa hasira yenye nafuu ndani yake. Hesabu zangu zilikuwa sawa.

Sikutaka tena kununua kitu kwa kutazama maandishi. Baa moja hapa Majimbo ilikuwa na amplifaya ya zamani sana iliyokufa kwa sababu ya maji ya paa, na mwenye baa alinipa bure ili aondokane nayo. Transista zake zilikuwa nzima. Nilizitoa, nikazipima moja moja, nikazipanga kwa jozi zinazofanana. Safari hii niliongeza pia saketi ndogo ya ulinzi, yenye swichi inayojizima yenyewe na kuikatia spika umeme mara tu mashine ikienda vibaya, ili siku nyingine mashine ikifa ife peke yake. Spika iliyoungua nilimpelekea fundi wa mjini akaiwekea koili mpya, na alipomaliza niliipima mbele yake kabla ya kuipokea. Alichukia kidogo. Niliipima hata hivyo.

Kisha nilirudi Karurumo kuwaambia kwa Kiembu, kama nilivyoagizwa. Niliwaeleza kuhusu transista bandia, na nikawaeleza kuhusu spika nne. Kila mmoja wao anajua bomba la kunyunyizia maji shambani. Niliwauliza, mkiwa na pampu moja ndogo, na kila jirani akafungua mkondo wake kutoka kwenye pampu hiyo kwa wakati mmoja, pampu itakuwaje? Wakasema itahema mpaka iungue. Nikawaambia hivyo ndivyo ilivyokuwa kanisani. Spika zetu nne tutazifunga mbili mbili, umeme upite ya kwanza kisha ya pili, na jozi hizo mbili ndizo tutakazoziweka sambamba. Mzigo wote unarudi kuwa omu nane, na mashine inaona kama ina spika moja tu. Yule aliyekuwa amefunga leso alichukua vijiti vinne akanichorea sakafuni, akaniuliza kama ni hivyo. Ilikuwa ni hivyo hasa. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayefunga waya, na mimi hukagua tu.

Habari zilifika kwa mwenyekiti kabla ya Jumapili ya akina mama ya mwaka uliofuata. Alikuja nyumbani kwa Mama, akanywa chai, akasema amesikia kwamba mashine hiyo imetengenezwa kwa vyuma vya baa. Alisema haingefaa sifa za Mungu zipitie huko. Zaidi ya hayo, kamati ilikuwa imekubaliana kwamba mashine isiyojulikana ilikotoka haitachomekwa kwenye umeme wa kanisa.

Mama alimwongezea chai. "Hata wewe nilikujua ukiwa huko baa," alisema, "na leo unatuongoza."

Mzee alicheka kwa taabu, akamaliza chai yake, akaenda. Lakini uamuzi ulibaki palepale.

Ng'ambo ya barabara kutoka kanisani kuna kisiagi cha mahindi, na mwenyewe ni mjane anayeimba sauti ya pili katika kikundi. Alisema umeme wake haujui kamati. Tatizo lilikuwa mota ya kisiagi, kwani kila ikianza kuzunguka inauvuta umeme chini mpaka taa zinafifia, na mashine yangu ingeyumba. Nilipomweleza, alisema basi atafunga kisiagi kwa saa mbili. Ilikuwa siku ambayo wateja wangekuja baada ya ibada, na alifunga.

Ibada ilipoisha, akina mama hawakusimama kuimba ndani. Walitoka kwa mstari, wakavuka barabara, wakajipanga mbele ya kisiagi. Spika mbili zilikuwa juu ya magunia, mbili juu ya meza ya kupimia unga. Niliwasha. Kulikuwa na mvumo mdogo wa chini ambao sikuwa nimeweza kuuondoa kabisa, na nadhani ni mimi peke yangu niliyeusikia. Nilimpa Mama maiki.

Walipoanza, nilihisi sauti ile kifuani kabla sijaisikia masikioni. Haikuwa kelele. Ungeweza kusikia maneno, na ungeweza kumtambua kila mwimbaji, mjane na sauti yake ya pili, na mwanamke wa leso ambaye sikuwahi kujua kwamba ana sauti nzito namna ile. Watu waliokuwa wakisalimiana uani mwa kanisa waligeuka kutazama. Waliokuja na mahindi yao walikalia mifuko wakasikiliza. Watu wa ndani wakaanza kutoka, mmoja mmoja, halafu kwa makundi, mpaka barabara ikajaa na pikipiki zikawa zinapita kwa kusukumwa. Niliigusa transista ya kwanza kwa kidole. Ilikuwa na joto la mkono wa mtu, si zaidi.

Baada ya wimbo wa tatu nilichukua maiki. Sikuwa nimepanga. Nilisema mimi ndiye niliyeambiwa niketi mwaka uliopita, na kwamba sasa nitamaliza sentensi yangu. Nilieleza kwa nini mashine ya kanisa iliungua, kwa maneno mafupi, na nikasema hakuna mwanamke aliyewahi kuchoma mashine kwa kuimba. Sauti yangu ilitetemeka, na spika nne zilitoa mtetemo huo wote barabarani bila kunionea haya. Niliendelea mpaka mwisho.

Mwenyekiti alikuja kuitazama mashine. Aliinama, akachungulia nyuma, akaniuliza ni wati ngapi. Nilimwambia ni themanini hivi. Aliguna. Alisema alidhani ni mia tano. Kisha akamgeukia Mama, akasema ni kazi nzuri, na kwamba sasa ingefaa iingie stoo ya kanisa pamoja na vifaa vingine, kamati iitunze.

"Itakaa kwangu," Mama alisema. "Mkitaka kuimba nayo, mje tuwafungie waya."

Sitasema kwamba alibadilika. Wiki mbili baadaye ilikuja barua yenye muhuri, ikitaka mashine iandikishwe kuwa mali ya kanisa. Tuliisoma pamoja sebuleni, na akina mama walijibu kwa mstari mmoja kwamba hapana. Tulitishwa kidogo, tukaambiwa tunagawanya waumini. Mwanamke mmoja aliacha kuja mazoezini kwa sababu mume wake hakutaka. Wengine walibaki. Baada ya muda kwaya ya wanaume iliomba kuitumia kwenye harusi ya mmoja wao, na mwanamke wa leso alikwenda akawafungia waya, akaketi kando ya mashine siku nzima, na hakumruhusu mwanamume yeyote kugusa kitufe cha sauti. Ndani ya kanisa swichi haizimwi tena wanapoimba. Hakuna aliyetangaza kuondoa sheria ile, kama vile hakuna aliyeitangaza ilipowekwa.

Sasa hivi juu ya meza yangu ya jikoni kuna sanduku jingine. Ni la kikundi cha wanawake wa Kiritiri, waliotumwa kwangu na yule fundi wa mota. Wana spika mbili tu, moja ya omu nne na nyingine ya omu nane, na hazipatani. Wameniuliza kama wanunue mpya. Nimewaambia wasubiri kwanza nihesabu.